Jivu Moja la Got Lando

Jumanne, 14 Machi 1972

Nimefika Got Lando salama, ingawa nilipokuwa majini sikuamini. Boti ya kutoka Luanda Kotieno ilijaa watu na magunia, ziwa limechafuka, na mimi nimezaliwa Bungoma ambako mito yetu haivuki magoti. Nilishika ubao mpaka vidole vikafa ganzi. Zadock, dereva wa ofisi yetu ya Kisumu, alikuwa akiningoja Mbita na Land Rover. Yeye alitangulia na mizigo kwa njia ya Homa Bay. "Madam, uso imekuwa ya majivu," akaniambia. Sikucheka.

Kazi yenyewe si kubwa. Ni kurudia vipimo vya ramani ya miamba ya mlima huu kabla haijachapishwa. Ramani ni ya Daktari Shitanda, mkuu wangu. Yeye anasema volkano ilimwaga majivu hapa mara mbili: kuna Jivu la Juu karibu na kilele, na Jivu la Chini karibu na ziwa. Katikati yake yamo matope ya ziwa la kale, yamegeuka mwamba, na ndani yake mifupa ya wanyama nayo imegeuka jiwe. Wanyama hao hupewa umri kwa majivu hayo mawili, kama mtu anayesema mtoto alizaliwa baada ya njaa ile na kabla ya vita vile.

"Bi Wakhisi," Daktari aliniambia Jumapili nyumbani kwake Milimani, mkewe akitumiminia chai, "usiende kutafuta mapya. Thibitisha tu." Ofisini mwanamke ni mimi peke yangu. Nilisema ndiyo.

Alhamisi, 16 Machi

Jua kali. Nimevunja mawe siku nzima. Malengelenge.

Jumatatu, 20 Machi

Ninakaa kwa Mama Dorca, mjane wa makamo. Katikati ya mteremko mlima una sehemu tambarare, kama ngazi moja pana, na hapo ndipo penye maboma yote na kanisa. Udongo ni mzuri na chemchemi haikauki. Juu yao mlima unasimama kama ukuta. Chini yao unateremka tena mpaka ziwani.

Mama Dorca haongei sana. Ananiwekea chakula kama mtu anayelisha mfungwa. Leo kaniuliza: "Wewe unapiga mawe nyundo. Serikali inataka nini na mawe yetu?" Nikamwambia tunataka kujua yalikuja lini. Akanitazama, akarudi kwa sufuria yake. Zadock anasema nisishangae. Tangu polisi walipowapiga watu risasi Kisumu mwaka wa sitini na tisa, watu wa huku wakiona gari la serikali hufunga mlango.

Ijumaa, 24 Machi

Kuna kitu sikielewi. Nimepima Jivu la Juu, na chini yake tabaka zinakuja hivi: udongo mwekundu, kokoto, kisha udongo wa kijani unaoteleza ukilowa. Leo nimepima Jivu la Chini. Chini yake: udongo mwekundu, kokoto, udongo wa kijani unaoteleza. Majivu yenyewe yana ulanga mweusi uleule, vijani vinavyong'aa ukigeuza jiwe juani. Volkano ikitapika mara mbili kwa kupishana miaka maelfu, inawezaje kurudia kila kitu?

Nimeandika mashaka haya hapa tu. Kwenye daftari la ofisi nimeandika: vipimo vinaendelea.

Jumapili, 26 Machi

Nimesikia ibada nikiwa mlangoni. Katekista ni Absalom, shemeji yake Mama Dorca, mdogo wa marehemu mumewe. Mtu mrefu, sauti ya chini, hapendi maswali.

Jumanne, 28 Machi

Tabaka za juu zimelala sawa, au zinainamia ziwa kidogo. Za chini zinainamia nyuma, zinautazama mlima. Nimepima na dira mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa sababu nilitaka nipate jibu lingine.

Mtu akiteleza kwenye kiti, makalio huenda mbele na mgongo hulala nyuma. Mlima huu uliteleza. Zamani sana nusu yake ilikatika ikashuka, ikabeba jivu lake mgongoni. Majivu si mawili, ni jivu moja, na kipande chake kimekaa pasipo pake. Kwa hiyo wale wanyama wote wako chini ya jivu moja. Ile sakafu tuliyowawekea kwa chini haipo. Hatujui walianza lini.

Nilipaswa kufurahi, maana mtu husoma miaka yote hiyo akitumaini kuona kitu kama hiki. Lakini nilikuwa nimeketi juu ya kile kipande, nikatazama huku na huku. Nikaona moshi wa jikoni kwa Mama Dorca, na watoto wanachota maji, na kanisa. Wote wanaishi juu ya kitu kilichowahi kwenda.

Jumapili, 2 Aprili. Pasaka

Mvua ya kwanza. Watu wameshukuru kanisani. Mimi sikuweza kuimba.

Alhamisi, 6 Aprili

Zadock amenipeleka Mbita nikapiga simu Kisumu. Laini ilikuwa mbaya, nikalazimika kupiga kelele mbele ya karani na watu waliokuja kununua stempu. Nilimwambia Daktari kwamba nadhani jivu ni moja. Akaniambia nirudie, nikarudia kwa kelele. Kisha akasema maabara walishampa umri wa sampuli zake mwenyewe, za juu na za chini, na umri ulitoka mmoja, miaka milioni kumi na minane. "Nikajua wamechanganya mifuko," akasema. "Na wewe pia umechanganya. Malizia kazi urudi."

Sikumwambia habari ya watu wanaoishi huku. Nilikuwa na swali moja tu mdomoni nalo likakataa kutoka: kama walichanganya mifuko, mbona miguu yangu iliyozikanyaga tabaka imepata jibu lilelile?

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua. Mlango wa Mama Dorca umekataa kufunga. Amepiga randa ubao. "Mvua inavimbisha mbao," akasema. Nikatazama fremu. Si ubao uliovimba. Fremu imepinda.

Jumatano, 12 Aprili

Nimepanda mpaka nyuma ya maboma, mlima unapoanza kusimama. Kuna ufa kwenye nyasi. Ni mwembamba, ungeweza kusema ni wa kiangazi, lakini mvua imenyesha siku zote hizi na nyufa za kiangazi hujifunga. Nimepigilia vigingi huku na huku na kufunga kamba katikati yake, nikaikaza vizuri.

Ijumaa, 14 Aprili

Kamba imekatika.

Nimejiambia ni mbuzi. Nimefunga nyingine.

Jumapili, 16 Aprili

Imekatika tena. Mkono wangu umeingia kwenye ufa mpaka kiwiko, na ndani kulikuwa na baridi na sauti ya maji. Niliutoa haraka kama mtu aliyegusa nyoka. Nimeshuka nikitetemeka, Zadock akaniuliza kama ni malaria. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akahamisha Land Rover, akaiegesha mbali ng'ambo ya korongo, kwenye mwamba mweusi. Basi kuna mtu mmoja anayeniamini.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimemwambia Mama Dorca. Nilidhani atacheka. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Mlango," akasema baadaye. "Na chemchemi imekuwa chafu tangu wiki ile."

"Basi Mama, tuhame. Ng'ambo ya korongo pana mwamba."

"Wewe unasema tuhame kama mtu wa nyumba ya kupanga." Hakukasirika. "Mimi ni mjane, nyathina. Mjane haanzishi dala, boma mpya, peke yake. Lazima ndugu ya bwana yangu atangulie na jogoo na shoka, akate mti ya kwanza, awashe moto. Nikienda bila hiyo, nitaleta kifo kwa watoto yangu. Afadhali mlima."

Watoto wake wako Nairobi na Kericho, wakubwa wote. Ameniita nyathina, mtoto wangu, kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwona kama jiwe.

Jumanne, 18 Aprili

Nimemwendea Absalom. Ameniweka kwenye kiti kizuri, mkewe akaleta uji. Nilichora mlima kwenye udongo kwa kijiti. Alisikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo serikali inataka tutoke hapa," akasema.

"Si serikali, Japuonj," nikasema, nikimwita mwalimu kama wote wanavyomwita. "Ni mimi."

"Wewe umekuja na gari ya nani?" Akaonyesha ng'ambo ya korongo kwa kidevu. "Baba yangu amelala pale. Ndugu yangu amelala pale. Tukitoka, kesho nitaona waya imezungushwa."

Nikamtaja Mama Dorca na jogoo na shoka. Uso wake ukafunga. Mambo hayo ni ya giza, akasema, yeye ameyahubiri miaka yote kwamba ni ya giza, na hawezi kuyafanya kwa sababu ya msichana na kijiti.

Jumamosi, 22 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mguu unaingia kwenye ufa. Nalala na viatu.

Jumanne, 25 Aprili

Nimepiga simu tena. Safari hii sikutaja majivu. Nilisema: "Daktari, nyumba ninayolala inasogea." Akasema atakuja.

Nilitoka posta nikaenda gatini. Kutoroka ningeweza. Boti ilikuwa pale. Naandika ukweli: nilimuuliza mwenye boti anaondoka saa ngapi. Zadock aliniona nikiuliza. Akawasha gari, akaacha mlango wangu wazi, na nikapanda.

Jumamosi, 29 Aprili

Daktari Shitanda amefika, suruali ya kaki imenyooka, na mwavuli. Njia yote ya kupanda alinifundisha jinsi mtu anavyoweza kudanganywa na tabaka zinazofanana. Nilimpeleka kwanza kwenye Jivu la Chini. Akapima mwenyewe. Akapima tena. Kisha nikampeleka kwenye ufa.

Aliketi juu ya jiwe mvuani, mwavuli kando yake. Nilingoja anifokee. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Unajua nilipochukua kiti cha mkuu, Mzungu aliyekuwepo aliniambia nini? Alisema, chora pole pole, wanangoja ukosee." Akafuta miwani kwa shati lililolowa, haikusaidia. "Maabara walipoleta umri mmoja, nililala na ile karatasi siku nyingi. Nikachagua kuamini ni mifuko."

"Daktari, watu."

"Nimewaona watu, Bi Wakhisi."

Kwa miaka miwili nimemwogopa huyu mtu. Leo nimeona kwamba na yeye alikuwa akiogopa, muda wote.

Jumapili, 30 Aprili

Aliomba nafasi baada ya ibada. Absalom alimpa kwa shingo upande. Daktari alisimama mbele, viatu vimejaa matope, akasema kwa Kiswahili chake cha Kakamega: "Jina langu Shitanda. Mimi ndiye nilichora ramani ya mlima huu. Niliandika ya kwamba hapa ni imara. Nilikosea. Huyu msichana aliona, nikamkatalia. Hakuna mtu anataka shamba yenu. Mkitaka nitaandika sahihi mbele ya kanisa. Lakini tokeni."

Mzee mmoja alitoka, nikadhani amekasirika; kumbe alikwenda kufungua ng'ombe wake. Wengine walibaki wakimtazama Absalom. Yeye alitazama sakafu ya kanisa, na mimi nikatazama alipotazama. Sementi imepasuka kuanzia madhabahu mpaka mlangoni.

"Sijawahi kuona serikali inakuja hapa kusema imekosea," Absalom akasema, kama anajisemea.

Jumanne, 2 Mei

Watu wanahama na mabati yao. Si wote. Mama Dorca amekaa kwenye kigoda mlangoni, vitu vyake vimefungwa, haendi. Nimembembeleza mpaka nimelia. Ananipa chai.

Daktari amekwenda Homa Bay kuomba mahema.

Alhamisi, 4 Mei

Absalom amekuja alfajiri. Alikuwa na jogoo mwekundu kwapani na shoka begani, amevaa koti lake la Jumapili. Mama Dorca alisimama. Akatangulia, mama akafuata na kaa la moto kwenye kigae, mimi nyuma na godoro. Tulivuka korongo. Kwenye mwamba mweusi Absalom alikata mti, akasimamisha nguzo, akafunga jogoo hapo, akawasha moto.

"Japuonj, asante," nikasema.

"Usinishukuru. Hii nitamjibu Mungu mwenyewe." Kisha akamgeukia shemeji yake, akamwita kwa jina la mwanawe: "Mama Owiti, dala yako hii."

Mama Dorca aliweka sufuria motoni kana kwamba amekuwa akipika pale maisha yake yote.

Ijumaa, 5 Mei

Mvua imepungua. Hilo linanitisha zaidi. Watu wanasema, mnaona, mlima umetulia.

Jumanne, 9 Mei

Lazima niandike.

Asubuhi palikuwa na jua. Wa mwisho walikuwa wamehama jana, tulikuwa wote ng'ambo ya korongo, wengine wakijenga, wengine kwenye mahema. Mama Dorca alikwenda kukamua akakuta ng'ombe hayuko. Ng'ombe hajui mambo ya tabaka. Alikuwa amerudi kwao, tulimwona kwa mbali amesimama mlangoni mwa boma la zamani, anangoja kufunguliwa.

"Acha," Mama Dorca akasema. "Acha huyo."

Absalom alikuwa tayari anavuka. Nilimkimbilia mpaka ukingoni. Nikamwambia asiende, nikamwambia chemchemi imekauka tangu jana, maana yake maji yamebaki ndani ya mlima. Akasema anakwenda na kurudi, ng'ombe anamjua. Nilipaswa kumshika koti. Naliona lile koti sasa. Nilimheshimu, nikaliacha.

Alifika. Alimfunga kamba. Walikuwa wameanza kurudi, Absalom mbele na ng'ombe nyuma, nikaona miti iliyo juu ya maboma inainama pamoja, kama watu kanisani. Hapakuwa na upepo. Kisha sauti, si ngurumo, ni kama gunia la mahindi linavyoburutwa kwenye sementi, lakini mlima mzima. Ardhi tambarare yote ilianza kwenda ikiwa nzima, na nyumba zikiwa zimesimama juu yake, na kanisa limesimama, polepole hata nikadhani atawahi. Alikuwa anakimbia, lakini ardhi aliyokuwa akikimbia juu yake nayo ilikuwa inakwenda. Ndipo ikakunjika.

Vumbi lilipotua, ziwa lilikuwa jekundu mpaka mbali. Ng'ombe alikuwa hai upande wetu, kamba inaning'inia shingoni. Sijui alivukaje.

Mama Dorca alikwenda akamfungua ng'ombe ile kamba, akaikunja, akaenda kumkabidhi mke wa Absalom. Hapo ndipo kilio kilipoanza.

Jumatano, 10 Mei

Wanachimba. Daktari anachimba pamoja nao.

Jumamosi, 13 Mei

Wamempata jana, karibu na maji.

Nimesikia maneno. Wengine wanasema ameuawa na jogoo, kwamba mtumishi wa Mungu hawezi kushika pande mbili. Wengine wanasema nyundo ya yule msichana iliuamsha mlima. Zadock amenishauri nisiende mazishini, na mimi sikutaka kwenda. Niliketi ndani ya gari, nimefunga vioo. Mama Dorca alikuja akafungua mlango, akanishika kifundo cha mkono kama mtoto aliyevunja kitu, akanipitisha katikati ya watu wote, akaniketisha chini kati yake na mke wa marehemu. Mke wa Absalom hakuniangalia. Lakini hakusogea.

Jumatatu, 22 Mei

Mlima umeacha ukuta mpya, mrefu na msafi. Watu wa serikali wa Homa Bay wanataka kujua kama kilichobaki kitaanguka, na hakuna njia ya kujua ila mtu asimame chini yake. Daktari alisema ataenda yeye. Tangu siku zile za kuchimba, magoti yake hayamruhusu kupanda kifusi. Nikaenda.

Nilifanya kazi haraka, mgongo umelowa jasho, nasikiliza kila kokoto. Tabaka zote zimeonekana kuanzia juu hadi chini bila kukatika. Jivu ni moja. Chini kabisa ule udongo wa kijani ambao mlima uliteleza juu yake unang'aa kama sabuni iliyotumika. Niliugusa. Kidole kilikwenda chenyewe.

Nimechora. Nilikuwa sahihi, na sikusikia raha yoyote. Nyuma ya udongo huo, kilichobaki kimekalia mwamba mweusi, nadhani kitakaa.

Jumapili, 28 Mei

Daktari amechapa upya maelezo ya ramani. Mistari ya Jivu la Chini imefutwa, na umri wa wanyama umeandikwa: haujulikani, ila ni zaidi ya milioni kumi na minane. Ameweka jina langu mbele ya lake. Nilimwomba aliondoe. Akasema hapana, ni la kuwajibika, si la sifa.

Jumamosi, 3 Juni

Kesho narudi Kisumu. Mvua zimekwisha. Mama Dorca ana kuta za udongo tayari, bado kusiriba. Ananipa chakula sasa akiketi nami.

Leo alikanyaga chini kwa kisigino, kama mtu anayejaribu ngoma.

"Na hapa?" akaniuliza.

Nilikuwa nimechimba mashimo kuzunguka boma lote, na kila shimo lilifika kwenye mwamba mweusi. Ningeweza kusema hapa ni imara. Daktari naye aliwahi kuliandika neno hilo.

"Kila nilipochimba, Mama, mwamba haujahama. Lakini sijachimba kila mahali."

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Basi bado jua iko juu," akasema. "Chimba hapa kwa jikoni. Mimi nitashika ndoo."

Nikaenda kuchukua sururu kwenye gari.